Uongo Niliousema Kwenye Mkutano wa Tafi

Sikwenda pwani kupunga upepo. Nilikwenda kwa sababu mdogo wangu Rukia alinipigia simu akilia, nikiwa nyumbani Chechelesi, Isiolo. Ameolewa Kilifi, na watoto wake wanakula kwa samaki anaowakaanga na kuwauza. Tafi, samaki anaowategemea, wamevuliwa kupita kiasi, na serikali ilitaka kuufunga mwamba wanakozaliana kwa miezi minne. Wananchi waliitwa watoe maoni, lakini walioorodheshwa kusema ni wenye vyombo vya kuvulia tu. Rukia akikaripiwa hulia. Mimi nikikaripiwa husogeza kiti karibu.

Jumatatu alfajiri niliondoka Isiolo na galoni ya maziwa ya ngamia, maana dada haendewi mikono mitupu. Nililala Nairobi kwa binamu.

Jumanne alasiri, Kilifi, nilimkuta Rukia akiparua magamba. Tafi wenyewe walikuwa wadogo, hata kiganja hawajazi. Alimpasua mmoja akanionyesha mayai.

"Ona, dada. Wanabeba mayai sasa hivi. Na tangazo lasema mwamba ufungwe baada ya mvua, wakati hawana kitu tumboni."

"Umemwambia nani?"

"Nani ataniuliza mimi, mama karanga?"

Ndivyo wanavyowaita wakaangaji huko. Nilikasirika hata chai ikanishinda.

Jumatano saa nne tulikuwa ukumbini. Wanaume walibishana kuhusu nyavu na mashine za boti. Rukia aliinua mkono mara tatu, mwenyekiti akamruka mara tatu. Nikasimama bila kuitwa.

"Mama, watoka wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Isiolo."

Ukumbi ukacheka. "Isiolo kuna bahari gani?"

"Salaam aleikum," nikasema. "Kiswahili yangu ni ya bara, mnisamehe. Bahari hatuna, lakini kufunga malisho tunajua. Na kwetu wazee hawafungi malisho kabla ya kuuliza wanawake wanaokama. Sisi ndio tunaona maziwa imepungua, hata kabla mwanaume aone ng'ombe imekonda. Nyinyi mmeuliza wanaopasua samaki?"

Kicheko kikaisha. Afisa aliyekuwa akiandika maoni akainua kichwa. "Kweli kwenu wanawake huulizwa?"

"Kila mara," nikajibu bila kupepesa macho.

Rukia akalibeba beseni lake la samaki hadi mezani. "Mayai haya ni ya leo asubuhi. Mkifunga miezi mliyoandika, mtakuwa mmefunga mwamba mtupu, na sisi tutalala njaa bure."

"Keti, mama," mwenyekiti akasema. "Wenye vyombo kwanza."

Rukia hakuketi, wala hakulia. Wakaangaji wote waliokuwa nyuma wakasimama naye. Afisa aliandika, tukamwambia atusomee alichoandika. Alipoisoma miezi vibaya, tukamrudisha mwanzo. Hakuahidi chochote, ila aliondoka na maneno ya Rukia kwenye karatasi yake, yakiwa kamili.

Alhamisi, kituoni, Rukia alinikumbatia. "Kumbe nyumbani mambo yamebadilika! Zamani zetu wazee hawakuuliza mwanamke."

Nikashughulika na mkoba wangu. Hakuna kilichobadilika. Garbatulla, walipo ng'ombe wetu, wazee wakikutana kuhusu malisho sisi tunachemsha chai nyuma ya mkutano, na uamuzi tunausikia vikombe vikirudi. Mwaka jana walifungua malisho ya kiangazi mapema, nyasi zikaanza kuisha kabla ya wakati, nikaona maziwa yanapungua, nikanyamaza. Nilizika ndama watatu. Nilikuwa nimeudanganya ukumbi mzima, na dada yangu alikuwa amepata ujasiri kutoka kwa uongo huo.

Aibu hiyo nilisafiri nayo njia nzima. Kurudi Kilifi kuwaambia wale wanawake kwamba nilidanganya, sikutaka. Ilibaki njia moja tu, uongo wenyewe uwe kweli.

Jumamosi nilipitiliza Isiolo hadi Garbatulla, kwa kuwa wazee walikuwa na kikao cha malisho. Nilichemsha chai kama kawaida, nikaigawa. Kisha nikavuta kiti, nikakaa katikati yao.

Mzee Guyo, anayeongoza kikao, alinitazama kwa mshangao. "Halima, chai imeisha?"

"Chai iko," nikasema. "Mimi nimekuja kuulizwa."