Kopo la Bachisia

"Pietrina, hilo gugu lako limenimalizia maua!" Bachisia alifoka, mikono kiunoni. "Miaka kumi na miwili nayalinda, mwaka huu halijachipua hata moja!"

Ua lenyewe ni dogo, la buluu, na halioti kwingine ila kwenye mchanga wa ufuo wao, kisiwani Sardinia. Wataalamu wa mimea walionyeshwa ua hilo na Bachisia mwenyewe. Sasa majani manene ya gugu yalikuwa yametambaa kutoka bustani ya Pietrina hadi mchangani, yakayafunika maua yote.

"Langu?" Pietrina akacheka. "Jirani, umesahau kopo la kahawa? Mwaka niliofiwa ulikuja nalo mlangoni, ndani kipande cha gugu hili. Ukaniambia, panda hiki, hakifi hata ukikitukana."

Bachisia alilikumbuka kopo, hata rangi yake nyekundu. Uso ukamwaka kwa aibu. Mwaka mzima amemsema mwenzake kanisani, sokoni, mpaka mbele ya wataalamu, kumbe mharibifu ni yeye mwenyewe. Akapiga magoti akaanza kung'oa, bila kuinua macho.

"Na deni lako sijalipa," Pietrina akasema. Kijijini kwao, anayepewa mche hurudisha mche. Akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa. "Nilizichuma kabla maua hayajafunikwa. Ningekupa zamani, ila kila nikikukaribia wewe ni matusi tu."

Zilikuwa mbegu za lile ua la buluu. Bachisia akazipokea kwa mikono miwili.

"Basi, tumelipana," Pietrina akasema, akapiga magoti kando yake. "Sogea, unang'oa vibaya."