Bi Mdogo Alivyotuingiza Mtandaoni

Katibu wa chama chetu cha mafundi cherehani kaniganda wiki nzima niandike habari za Bi Mdogo, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Ni mke mwenzangu. Mume tulishamzika, tukabaki tunagombania dirisha la chumba cha kushonea. Herufi zangu zimelala ovyo, mtazisoma hivyo hivyo.

Huyu mama alifua mashuka ya hospitali hadi akastaafu, ndipo akaja mezani kwetu kukata vitambaa. Kupika hajui, kufundisha anajua. Chama kilipohamia kwenye ule mtandao mpya wa simuni, katibu alitangaza kuwa kazi ya sare za hospitali itagawiwa humo humo, na meza yenye fundi hata mmoja ambaye hajaingia kufikia Ijumaa itarukwa. Meza yetu ina vikongwe sita.

Bi Mdogo akachora uso wa simu kwa chaki kwenye kitambaa cheusi, mkubwa kama meza, wenzangu wakawa wanabonyeza miraba. Simu za kweli zilipotolewa zikawagomea. Mmoja akaanza kulia kwamba hata mashine inajua amezeeka. Bi Mdogo akamshika kidole, akamvua subana, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano. Simu ikafunguka. Wote walikuwa wamevaa subana zao.

Sharti lake lilikuwa moja: hagusi simu ya mtu. Na kwa kuwa anajijua ana mikono myepesi, alitaka afungwe mikono nyuma kwa utepe wa kupimia. Basi akawa anaelekeza kwa kidevu, kama mbuzi.

Alhamisi nilikuwa nimebaki mimi tu. Nilisema sitaki kujuana na watu zaidi, hawa ninaowajua wananitosha.

"Bi Mkubwa," akaniambia, "ukibaki nje tumebaki nje sote sita."

Nikakaa. Nikamfunga mikono, nikakaza zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Simu ikaniuliza nina nini cha kusema leo. Kuandika kunanichosha, akanionyesha pa kusemea. Nikasema kilichokuwa kichwani, vile ninavyomtajia mkataji vipimo: "Matroni wa hospitali. Nyonga hamsini na mbili. Akisema arobaini na nane mkubalie, ila kata hamsini na mbili." Nikaachia kidole. Ikaenda kwa chama kizima, na matroni, ambaye ndiye mgawa kazi, yumo.

"Nifungue nifute," Bi Mdogo akasema, akanigeuzia mgongo.

Fundo langu halifunguki upesi. Hadi tumepata mkasi, watu arobaini walishasikiliza.

Ijumaa asubuhi matroni akaingia, akauliza fundi wa nyonga ni nani. Bi Mdogo akawahi kusema mwalimu ni yeye, kosa ni lake. Sijawahi kumpenda kiasi hicho, na sitarudia. Nikamsogeza kando, nikasema sauti ni yangu na kipimo ni changu.

Matroni akavua koti. "Miaka saba mnanidanganya, nami najidanganya, na sare zinachanika. Nipime upya."

Hamsini na nne. Nikaitaja kwa sauti. Kazi tukapewa, na Bi Mdogo sasa anafundisha meza zote, maringo mpaka chooni.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, kidole unacho na mdomo unao. Karibu yako yupo mama mwenye simu asiyoijua. Kaa naye leo, halafu unitumie sauti uniambie amekutukana nini. Picha za maua sitaki.