Mtihani wa Msamaria pale Kihesa

Mama mmoja alikata roho kando ya barabara Kihesa, na kifo chake kikampa Nyanda kanisa.

Tulia, usibishe. Nakusimulia.

Nyanda, Msukuma aliyekulia Usangu akichunga ng'ombe wa baba yake, alikuwa anamaliza chuo cha Biblia Iringa. Pale hawakufundishi Maandiko tu. Unalisha nguruwe, unalima, unafariji wagonjwa. Kiongozi kamili, wanasema.

Mmoja tu kati ya wanaohitimu angepelekwa Mbeya kuongoza vijana wa kanisa kubwa. Nyanda alilitaka kanisa hilo mpaka usingizi ukamkimbia.

Sasa, mkuu wa chuo, Mchungaji Ambokile, alikuwa na mtindo wake. Kila mwaka kabla ya kuchagua, humlaza mtu njiani ajifanye mgonjwa, yeye akajibanza mahali aone nani atajali.

Siri? Siri gani! Chuo kizima kilijua.

Ndiyo maana Nyanda alipomkuta mama kaanguka, anahema kwa shida, nyanya zimetapakaa, alichekea moyoni.

"Mwaka huu mzee kapania. Mpaka nyanya kamwaga!"

Akamkonyeza mwenzake Mika: rekodi.

Akapiga magoti, akaomba kwa sauti kubwa, jicho moja likipekua vichaka kumtafuta mkuu.

Bodaboda akasimama. "Kaka, huyu mama anazidiwa. Tumpakie, hospitali si mbali."

"Usikatize maombi, ndugu yangu," Nyanda akamzuia.

"Anakufa huyu!"

"Imani, ndugu. Imani!"

Mama akamng'ang'ania mkono. Nyanda akawaza, huyu naye anaigiza vizuri.

"Amina," akasema, akamgusa bega. "Mama, inuka. Tumemaliza."

Hakuinuka.

Chuoni, Nyanda alipomuuliza kuhusu yule mama, Mchungaji Ambokile akamshangaa. "Mimi? Mwaka huu sijamtuma mtu. Mtihani mlishaujua, nikauacha."

Hapo ndipo Nyanda akaelewa: yule mama hakuwa anaigiza.

Ungedhani ataungama. Thubutu! Mika alisharusha video, kipande cha bodaboda kakikata. "Kijana amwombea mama asiyemjua hadi pumzi ya mwisho." Watu wakalia mitandaoni. Wazee wa Mbeya wakapiga simu: tunamtaka huyo huyo.

Siku ya kusimikwa, kijana mmoja akaja mbele.

"Mchungaji, naitwa Saulo. Yule mama muuza nyanya wa Ilula ni mama yangu. Alikuwa na pumu. Daktari alisema angewahishwa tu, angepona." Akafuta machozi. "Lakini hakufa peke yake. Ulikuwepo. Nifundishe na mimi niwe kama wewe."

Kanisa zima likapiga makofi.

Nyanda akafungua mdomo. Akawatazama wazee, akaitazama kamera.

"Utukufu kwa Bwana, mdogo wangu," akasema.

Mpaka leo yupo Mbeya, anapendwa kupita kiasi, na Saulo ndiye anayembebea Biblia.

Jamani, mwogopeni mtu anayetenda wema ili aonekane. Asiye na huruma angejipitia zake tu, na bodaboda angemfikisha yule mama hospitali.