Chupa ya Spiriti Tupu

Ile siku naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyokaribia kumuua mjomba wangu kwa furaha.

Nilikuwa kijana wa maabara hapa Mwanza, kazi yangu kutunza seli za saratani ya ini. Zilitoka kwa mgonjwa mmoja wa zamani, huko mbali, zikaendelea kuzaliana kwenye chupa. Ndizo tunazojaribia dawa kabla ya kumgusa mtu. Mjomba, wa kule Pasiansi, alikuwa na ugonjwa huohuo. Na nyumbani, kama unavyotujua Wasukuma, tulikuwa na mzizi wetu wa kutibu ini, aliotuachia bibi. Nikausaga, nikauloweka kwenye spiriti, nikazidondoshea seli. Kesho yake zote zimekufa. Nikapanda pikipiki mpaka Pasiansi, kichwa kikubwa, nikamwambia, "Mjomba, mzizi wa bibi unaua saratani." Mzee akalia. Wiki ile hakwenda kliniki.

Mkuu wetu, mama mmoja wa Kihaya asiyejua kupandisha sauti, akazikagua chupa zangu.

"Na chupa ya spiriti tupu, isiyo na mzizi, iko wapi?"

"Sikuiweka, mama."

"Basi hujui kilichoua ni nini. Iweke."

Nikaiweka. Seli zikafa vilevile.

"Sasa nenda kamwambie mjomba wako," akasema, akarudi kwenye hadubini yake.

Nilimkuta ameshika kikombe cha mzizi. Nikasema, "Shikamoo, mjomba. Nilikudanganya." Nikamweleza yote. Kisha akaweka kikombe chini. "Marahaba. Kliniki ni lini?"

Nilimpeleka mwenyewe, kila mara. Hakupona. Lakini siku zilizobaki zilikuwa zake, sikumnyang'anya nyingine.

Mzizi sikuuacha, na sitauacha. Mpaka leo naupima, chupa ya spiriti tupu ikiwa pembeni yake.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayeingia kazini. Weka ile chupa hata ukiwa umechoka, hata ukidhani jibu unalijua. Seli zikifa, sema seli zimekufa. Usiseme mtu atapona. Chupa haina watoto wanaoisubiri nyumbani. Na ukikosea, usitume ujumbe kwenye simu. Nenda.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, mwanangu, na siku utakayokosea akupe miguu ya kurudi Pasiansi.