Baba alifungwa, lakini njia ya ng'ombe hakuna aliyeiuliza

Wakuu, heshima kwenu wote. Hii si chai, niliishuhudia mwenyewe.

Juzi humu kuna jamaa kaandika kuhusu ugomvi wa wakulima na wafugaji: "Wafungwe tu, watakoma." Nimekasirika kweli. Ngoja niwape ya kwetu.

Kwetu ni Misima, Handeni. Miaka ya ruksa, mwishoni mwa themanini, nilikuwa kijana, nimemaliza shule, nalima na mzee wangu. Jirani yetu upande wa mbugani alikuwa Mzee Parmet, Mmasai, mtu mpole tu.

Kila mwanzo wa mwaka, jua likiwaka na mahindi ya vuli yanabeba, ng'ombe wake wanakatiza shambani kwetu kwenda bwawani. Mahindi kwisha. Mzee anamshitaki mahakama ya mwanzo, Parmet anapigwa faini, anauza dume mnadani, analipa.

Mwaka unaofuata, yale yale!

Mzee wangu akaanza kulala na panga. Mama akawa analia jikoni, maana alimjua mumewe.

Ndipo akaja hakimu mpya, mama mmoja hivi. Kabla ya kutaja faini akamuuliza Parmet, "Baba, mbona unapita kwake na unajua utalipa?"

Parmet akajibu, "Mama, njia yetu imefungwa. Ng'ombe hawezi kungoja maji."

Miaka yote ile, wakuu, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata sisi.

Yule mama akahamishia mahakama porini. Yeye na wazee wa baraza wakatembea kwa miguu toka boma la Parmet mpaka bwawani. Wakakuta njia ya zamani imezungushiwa seng'enge na bwana mmoja wa mjini. Alipewa eneo na kijiji, wakati ule kila mwenye gari alikuwa mwekezaji. Hajapanda hata mchicha.

Hakimu akamwita, akaita na uongozi wa kijiji, akawakalisha chini wote. Njia ikafunguliwa. Mzee wangu na Parmet wakapanda minyaa pande zote mbili za njia iwe uzio, huku wanataniana kuhusu nani anajua kushika jembe. Panga likarudi kwenye kazi ya kufyeka. Tulivuna mahindi yetu yote, na mahakamani hatukwenda.

Sasa hapa ndipo damu inaponichemka.

Hakimu akahamishwa. Bwana wa mjini akang'oa minyaa, akarudisha seng'enge. Viongozi wa kijiji kimya, wameshakula mbuzi wake. Hakimu aliyefuata akarudi kwenye faini zake. Siku ng'ombe walipoingia tena, mzee wangu hakwenda kushitaki. Alimkata Parmet panga la mkono.

Kesi ikasikilizwa wilayani. Parmet akaja na mkono umefungwa bandeji, akaeleza alivyokatwa. Alipomaliza akasema, "Mheshimiwa, na njia je?"

Akaambiwa ajibu alichoulizwa.

Mzee wangu akapaza sauti kizimbani, "Msikilizeni huyo! Anasema kweli!"

Aliyekatwa na aliyekata wanauliza swali moja, wakanyamazishwa wote wawili. Nilitamani kuivunja meza ya hakimu.

Baba akafungwa miaka kadhaa. Mwenye seng'enge hakuitwa hata kuwa shahidi.

Na wewe wa "watakoma", sikia hili. Muda wote baba yuko ndani, aliyekuwa anamletea mama maziwa ni Parmet. Alikuwa anabeba kibuyu kwa mkono wa kushoto, wa kulia haukufanya kazi tena.

Nilichojifunza ni kwamba faini haijawahi kumnywesha ng'ombe maji. Mhalifu aadhibiwe, sikatai, baba yangu alikosa. Lakini hakimu asiyeuliza kwa nini anaandaa kesi ijayo.

Mlioko Handeni, Korogwe na kwingineko, huko kwenu yupo hakimu anayeuliza? Semeni. Matusi pia leteni, leo nimejiandaa.

Njia bado imefungwa.