Shemeji yangu, honi za Outering na trekta la miwa

Wakuu, natumai mmeamka salama. Ninayoleta hapa yametokea kweli, sina chumvi ya kuongeza, na mhusika mwenyewe amekubali niyaandike mradi nisiweke picha yake.

Naishi Pipeline, hapa Nairobi, na nafanya kazi kiwanda kimoja cha plastiki huko Baba Dogo. Naenda kazini kwa baiskeli, na karibu njia yote ni ile barabara kuu ya Outering. Niko hai nawaandikia, kwa hivyo kuna kitu nafanya vizuri, au nina bahati tu.

Mwaka jana Wafula, mume wa dada yangu Nekesa, alipata kibarua kiwandani kwetu akaja kukaa kwangu. Nekesa alibaki nyumbani, upande wa Bungoma, na watoto. Siku Wafula anapanda basi, dada alinipigia simu akasema, "Baba Sharon, huyo nimekukabidhi."

Sikuwa na wasiwasi. Wafula ameendesha baiskeli tangu utotoni. Amebeba abiria, amebeba magunia ya mahindi, amebeba hadi mgonjwa. Nikamtafutia baiskeli ya mitumba, helmeti na reflekta, tukaanza kutoka pamoja asubuhi.

Shida ilijitokeza siku hiyo hiyo.

Kwa wasiojua, huko kwetu barabara ni ya murram, udongo mwekundu bila lami, na ni nyembamba. Trekta la miwa likija nyuma yako na trela zake, dereva anapiga honi, wewe unashuka kwenye nyasi. Hakuna mjadala. Honi maana yake ni toka, na kila mtu anatoka, hata kuku.

Sasa mchukue mtu wa huko umweke Outering.

Matatu inapiga honi kuita abiria. Boda anapiga honi kumsalimia mwenzake. Mwenye gari dogo anapiga honi kwa sababu ameudhiwa nyumbani. Wafula akisikia yoyote kati ya hizo, anatoka barabarani. Na pembeni hakuna nyasi, kuna ukingo wa saruji.

Msiniulize kwa nini hatutumii njia ya baiskeli. Ina nyanya, ina viatu, ina boda zimeegeshwa. Nenda wewe ukapite juu ya nyanya za mama wa watu, kisha uje utusimulie.

Nilimwambia asiwe anasogea. Akasema sawa. Honi ikalia, akasogea. Mwili wake ulikuwa unatii kabla yeye hajafikiria.

Basi asubuhi moja tunakaribia Donholm, matatu ikapiga honi nyuma yetu. Wafula akakata kushoto ghafla, gurudumu likagonga ukingo, akarushwa katikati ya lane. Nyuma kulikuwa na lori la kokoto. Lilifunga breki likanuka mpira, na tairi likasimama karibu sana na kichwa chake.

Niliogopa, wakuu. Kabla sijajua kama mtu amepona, nilishaanza kufikiria nitamwambia nini Nekesa.

Dereva alishuka. Hakutukana. Akamuuliza, "Buda, kwani ulikuwa unaenda wapi?"

Wafula, bado ameketi kwenye lami, akajibu, "Nilikuwa nawapisha."

"Nani alikwambia tunataka kupita hapo?"

Tulirudi nyumbani tukikokota baiskeli. Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa Mutua, Mkamba mmoja mpole anayeendesha canter, lori dogo la mizigo. Nilimweleza yaliyotokea akatikisa kichwa. Akamwambia Wafula, "Mimi nikipiga honi nakwambia niko hapa. Ukinyooka nakukwepa. Ukirukaruka ndio utanipeleka jela."

Jumapili tulienda barabara ya pembeni kule kwenye magodauni, ambako siku hiyo hakuna gari. Wafula mbele na baiskeli, Mutua nyuma kabisa na canter, mimi pembeni kama refa. Mutua alipiga honi fupi, ndefu, ya hasira, ya salamu. Kazi ya Wafula ilikuwa kunyooka tu. Akina mama waliokuwa wakienda kanisani walisimama kutazama, na mmoja akaniuliza yule mtu amekosa nini.

Mwanzoni alikuwa anayumba kila ikilia. Kufikia mchana honi ilikuwa inalia na yeye anapiga mluzi.

Tangu siku hiyo nilikuwa namwacha atangulie mbele yangu kwa raha. Anakaa mbali kidogo na ukingo ili magari yamwone. Kwenye steji hapiti kushoto kwa matatu, maana mlango ukifunguka hapo umekwisha. Lori likimpigia honi anainua mkono bila kugeuka, lori linahama lane. Nilijivuna, nikamwambia Mutua tungefungua shule.

Desemba Wafula akaenda nyumbani kula sikukuu.

Nekesa akanipigia simu. Hakusalimu. "Trekta la miwa limepiga honi mpaka watu wakatoka manyumbani. Mume wangu yuko mbele yake na baiskeli, hakusonga. Baba Sharon, umemfundisha nini huyu mtu?"

Trela ilimpiga bega ikamtupa ndani ya miwa. Yuko hai, bega ndilo limeteguka, na kibarua hawezi kukirudia mpaka lipone. Nikaomba mgonjwa apewe simu.

Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa ripoti, "Shemeji, mimi nilinyooka."

Hapo ndipo nilipoelewa, na iliniuma. Nilimtoa kwenye kutii honi nikampeleka kwenye kuidharau, na kote kuwili alikuwa anaendesha kwa masikio. Sikuwahi kumfundisha kugeuza shingo. Angetazama nyuma angeona kwamba hilo ni trekta, barabara ni nyembamba, na halina pa kukwepea.

Kwa hivyo nyinyi mnaopanda baiskeli Outering, Jogoo Road na kwingineko: nyooka, sawa, lakini usinyooke kabla ya kutazama nyuma kupitia bega la kulia. Honi haikwambii ni gari gani wala lina nafasi kiasi gani.

Baiskeli yake iko hapa kwangu, imeegemea ukuta. Nimeifungia kioo cha pembeni. Nekesa amesema mumewe harudi Nairobi mpaka nimhakikishie kwamba safari hii nitaanza na shingo.

Kama kuna mtu ameshamfundisha mtu mzima kutazama nyuma bila baiskeli kuyumba, aniandikie hapa chini alifanyaje. Nasoma zote.