Matairi Yaliyokataa Kwisha

Matairi ya pikapu ya mama yalikuwa hayajaisha, na hilo ndilo lilikuwa tatizo letu.

Ukiinama kuyatazama, kashata zilikuwa bado zipo. Kashata ndivyo madereva wa kwetu Ukonga wanavyoviita vile vipande vya mpira vilivyosimama juu ya tairi, kwa kuwa vimekatwa kama kashata za nazi kwenye sinia. Mama aliyanunua nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Nikasoma, nikahitimu, nikarudi nyumbani kukaa bila kazi ya maana, nikayakuta yako vilevile. Mgeni yeyote akija na gari, mama alipata namna ya kuyaingiza matairi yake kwenye mazungumzo, kama wenzake wanavyowaingiza watoto wao. Mimi sikutajwa mara nyingi hivyo.

Pikapu yenyewe ni ya dizeli, nzito, ya kubebea mzigo hasa. Kila asubuhi mama huiendesha mwenyewe kupita Pugu na Chanika, huacha lami, akaingia barabara ya vumbi upande wa Kisarawe mpaka juu ya kilima wanakoishi akina mama wafugaji, wenye ng'ombe wawili watatu kila mmoja. Anachukua maziwa yao, anarudi nayo Ukonga na Kinyerezi kwenye vibanda na kwa mama lishe. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Na ni kazi isiyo na nafasi ya kuchelewa: jua likishakolea, maziwa yanakatika ndani ya keni, na unachofikisha mjini hakuna anayekitaka.

Kile kilima ni cha udongo mweupe. Kiangazi ni kigumu kama sakafu ya saruji. Ikinyesha, kinakuwa sabuni. Masika yaliyopita tulikwama chini yake asubuhi nyingi mno. Tulisikia baadaye kwamba maziwa yetu walikuwa wanapewa ndama. Mvua zilipokwisha, msemaji wa wale akina mama, bibi mmoja mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alimweleza mama bila kuzunguka.

"Mwenzangu, sie tunakupenda, unajua. Lakini kuna kijana ana kirikuu, anasema yeye inyeshe isinyeshe atafika. Masika ijayo ukitukosa tena, tunampa yeye."

Kirikuu ni kile kigari chepesi cha mizigo ambacho mama alikuwa akikiita toroli lenye honi. Siku ile hakukiita kitu. Tulipofika Chanika akaanza kulaumu: mvua, halmashauri, kilima, kijana. Matairi hakuyalaumu.

Nina tabia ya kuuliza mpaka watu wanachoka, na miaka ya kusomea takwimu imeizidisha. Masika mengine yalipokaribia, niliuliza: kama kashata zipo, gari linateleza kwa nini? Nilianza na fundi pancha wa jirani. Aliyazunguka matairi yote manne, akayapiga teke moja moja.

"Mazima haya. Tairi za zamani hizi, sista, siku hizi hazitengenezwi hivi."

"Sasa mbona tunakwama?"

Alitazama dirishani kwetu kwanza, akashusha sauti. "Hapo ni dereva."

"Nimekusikia!" mama alisema kutoka ndani. "Na pampu yako uje uichukue, inanijazia uchafu barazani."

Jibu la fundi halikuniridhisha, kwa sababu dereva alikuwa yuleyule miaka yote, na miaka ya mwanzo alipanda. Nikamuuliza mama aliyachagua vipi. Alinionyesha kidole gumba. Unabonyeza mpira kwa kucha. Ukucha ukiingia, tairi ni laini, lami ya joto itailamba. Ukucha ukigoma, hiyo ndiyo tairi, lipa uondoke. Kipimo hiki hakukibuni yeye. Nimewaona watu wakubwa, wenye magari ya maana, wamepiga magoti mbele ya tairi dukani wanabonyeza kwa kucha kama wanaochagua parachichi, ila wao wanatafuta lililo gumu.

Nikaenda kubonyeza ya kwetu. Ukucha wangu ulikunjika.

Nilichuchumaa pale kwa muda. Ubavuni mwa tairi kulikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino kikavu. Kulikuwa pia na tarakimu nne ndani ya kiduara, ambazo huonyesha wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Matairi haya, aliyoyanunua kama mapya, yalikuwa yameshakaa miaka kadhaa kabla hajayaona. Yalikuwa yamezeekea dukani, labda nje, juani. Ukucha uligoma kuingia kwa sababu mpira ulikuwa umeshakauka, na tangu hapo umeendelea kukauka. Mpira mkavu hauliki na lami, ni kweli. Lakini haushiki chochote pia. Nilikumbuka viatu vyangu vya shule vyenye soli isiyokwisha, na jinsi nilivyokuwa nikitembea navyo kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Nikamweleza mama. Alikuja, akainama, akazisoma tarakimu, akahesabu moyoni.

"Kwa hiyo niliuziwa kizee."

"Uliuziwa kilichofaulu mtihani wako."

Hakulipenda jibu hilo. Aliniambia nikaoshe keni.

Wiki hiyohiyo, hata hivyo, aliniamsha akasema tunakwenda Ubungo. Muuzaji tuliyemkuta alikuwa kijana mchangamfu aliyepanga matairi mpaka barabarani, kila moja limepakwa dawa ya kung'arisha. Nilimwambia tunataka matairi ya lami na matope, yanayodumu. Alicheka kwa furaha, kama mtu aliyetegwa swali analolijua.

"Hizi hapa, mama yangu. Ukifunga hizi unawarithisha wajukuu."

"Wajukuu wa nani?" mama alisema, akanitazama mimi. "Mie nataka kupanda kilima mwezi ujao."

Yule kijana akatuletea tairi lenye kashata kubwa mno, zenye mabonde katikati yake ya kuingia ngumi. Nililipenda papo hapo. Nilijiona tayari tuko juu ya kilima. Mama aliliviringisha kidogo, akauliza swali ambalo mimi, pamoja na maswali yangu yote, sikuwa nimelifikiria.

"Hili ni la matope. Safari yangu sehemu kubwa ni lami, nimebeba keni zimejaa, jua linawaka. Huko linakuwaje?"

Kijana alianza kuapa. Mama alimwachia aape mpaka akamaliza, kisha akarudia swali lake. Hatimaye alikiri kwamba lile lingevuma barabara nzima kama nyuki na lingeisha haraka. Akaleta jingine, zuri, la wastani. Safari hii nilisoma mimi ubavuni: uzito liliokubali kubeba ulikuwa mdogo. Lilikuwa tairi la gari la familia. Chini ya pikapu yetu yenye mzigo lingebonyea kama mto.

Tulikaa dukani mpaka kijana akaacha kutuita mama yangu na sista, akabaki kutuita "nyie". Kila tairi tulilihoji yale yale: limetengenezwa lini, linabeba kiasi gani, kwenye lami linakuwaje, kwenye udongo unaonata linakuwaje. Nilishangaa kidogo kuona kwamba tabia yangu hii, ambayo mama huwaambia majirani niliitoa chuoni, nilikuwa nimeitoa kwake.

Yalibaki ya aina moja. Mapya kweli kwa mujibu wa tarakimu, ubavu mnene wa kubeba mzigo, kashata za kiasi, na kila kashata imechanjwa vijistari vyembamba vya kushika penye maji. Mimi niliridhika. Mama aliridhika pia, lakini mkono wake ukaenda wenyewe. Alibonyeza kidole gumba.

Ukucha uliingia. Si sana, ila ulipotoka uliacha alama ya mwezi mwandamo.

Mama aliitazama ile alama kama mtu aliyekuta ufa kwenye nyumba mpya.

"Hili litaisha," alisema.

"Litaisha," nikasema.

"Haliishi hilo!" kijana aliruka. "Mama, nakuapia kwa Mungu, hilo..."

"Kaka, tuachie kidogo," nikamwambia. "Sie tunataka liishe."

Alituacha, nadhani alidhani tumechanganyikiwa. Mama alikaa juu ya tairi jingine. Sikumsihi. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, na akina mama wa kilimani walikuwa wake, si wangu. Baada ya muda alisimama, akakung'uta gauni lake, akasema tufungiwe manne.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha usiku kucha, na kulipopambazuka bado ilikuwa ikichuruzika. Tulipofika chini ya kilima, kirikuu kilikuwa kimeegeshwa pale, na kijana wake amesimama kando, suruali imekunjwa, miguu myeupe kwa udongo. Alikuwa ameshajaribu. Michirizi ya magurudumu yake ilipanda kidogo, ikapinda, ikaishia mtaroni.

"Shikamoo mama. Leo hakipandiki hiki."

"Marahaba, mwanangu," mama alisema, akaingiza gia ya chini.

Tulipanda taratibu. Katikati, palipo peupe zaidi, nyuma ya gari ilianza kwenda kando, na mama akaachia mafuta kidogo, akasubiri, na nikahisi matairi yakiuma, yakiteleza, yakiuma tena. Kisha tukaona paa la banda la kwanza.

Akina mama walikuwa wamekaa na keni zao chini ya turubai. Yule bibi mfupi alisimama.

"Tulishasema leo hamji."

Alinyanyua keni yake, akaipakia mwenyewe, na wengine wakafuata. Mwisho alikuja dirishani akamwambia mama, "Kesho njoo mapema kidogo, ng'ombe wa huyu mwali amezaa, maziwa yataongezeka." Nilielewa kwamba mazungumzo ya kirikuu yalikuwa yamefungwa.

Kule dukani watu wote walizungumza habari ya kupanda. Hakuna aliyegusia kushuka na keni zilizojaa, na kushuka ndiko kulikonitoa jasho. Mama hakugusa breki hata kidogo; aliiachia gia ya chini ilizuie gari. Tulishuka kama mtu anayeshuka ngazi na mtoto mgongoni.

Siwezi kuthibitisha kwamba ni matairi. Mvua ilikuwa imepungua kidogo, na mama siku ile aliendesha kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kumwona. Ningetaka kurudia asubuhi ileile na matairi ya zamani ili nilinganishe, lakini maisha hayaruhusu jaribio la namna hiyo.

Chini, kirikuu kilikuwa kimeziba nusu ya njia. Kijana alilitazama gari letu, akatazama keni, akachuchumaa kwenye tairi la mbele. Akafuta udongo kwa kiganja, akabonyeza ukucha.

"Laini hizi, mama," alisema, akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Mwakani huna tairi."

"Mwakani sina," mama alikubali. "Sogeza gari, mwanangu, maziwa yanakatika."